Sahani Zilizorudi na Chakula

Nianze na mimi mwenyewe, maana mgahawa haukujianzisha.

Niliondoka kwetu Mgwashi nina begi moja la mgongoni na viatu vilivyokuwa vya kaka yangu. Nilirudi milimani nina diploma ya mapishi na huduma za hoteli, miaka kumi na mmoja ya kazi Arusha na Unguja, visu saba ambavyo kila kimoja kina kazi yake, na mizani ya jikoni inayoonyesha hadi gramu moja. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala ofisa aliyenipigia simu mahali. Nilianza kwa kuosha masufuria ya watu na nikamaliza nikiwaelekeza watu waliokuwa wakiosha masufuria. Nayasema haya mapema ili nitakapofika kwenye sehemu niliyokosea, msomaji ajue kwamba aliyekosea hakuwa mtu mdogo.

Mgahawa niliufungua Lushoto mjini, karibu na soko, kwenye kona ambapo malori ya kabichi hugeuzia. Meza nane. Kuta nilizipaka rangi ya maziwa mimi mwenyewe, na ubao wa chakula cha siku niliuandika kwa mkono wangu, ambao ni mzuri. Bwana afya alipokuja kukagua alizunguka jikoni mara mbili, akachungulia chini ya meza, akafungua makabati, kisha akasema hajaona jiko la namna hii tangu aanze kazi. Nikamwambia hataliona jingine.

Mpishi wangu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa mjini hapo miaka mingi. Shangazi alikuwa amepikia harusi na misiba ya kata nzima bila cheti chochote, na makande yake yaliwahi kusuluhisha ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa anapakua kwa macho. Alikuwa anachungulia mlangoni, anamtazama mteja anavyoingia, anaamua. Huyu ametoka mbali na mzigo, mwongezee. Huyu mama ananyonyesha, mpe mchuzi mwingi. Huyu ana mawazo, mpunguzie wali, hataumaliza.

Siku ya tatu nilimwita kwenye mizani.

"Shangazi, hapa kila sahani inatakiwa iwe sawa. Gramu mia tatu za wali."

"Mia tatu ndiyo ngapi?"

Nikampimia. Aliutazama ule wali kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Huu wa nani?"

"Wa mteja."

"Ana umri gani?"

"Umri wowote, shangazi. Wateja wote."

"Na aliyetoka shamba na aliyetoka kuamka?"

"Wote."

"Haya," akasema, akafunga khanga yake vizuri kiunoni. "Wewe ndiye uliyesoma."

Kwa kweli nilikuwa nimesoma. Na mojawapo ya mambo niliyosoma ni kwamba mpishi mzuri huangalia sahani mara mbili, inapotoka na inaporudi. Mteja anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini sahani yake haiwezi. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa anasimama kwenye sinki kama askari wa mpakani, hakuna sahani iliyopita bila kukaguliwa. Nami nikafanya vivyo hivyo. Kila mchana nilisimama karibu na beseni la kuoshea, koti langu jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, nikisoma sahani.

Sahani za vijana wanaopakia malori zilirudi nyeupe kama zimelambwa na ng'ombe. Hao sikuwahesabu. Mtu anayerusha kabichi tangu alfajiri angeweza kula hata kitambaa cha meza. Niliowatazama ni wateja wa heshima: wazee waliovaa makoti na kofia, na akina mama watu wazima waliotoka vijijini siku ya soko. Sahani zao zilirudi na chakula. Kila mara. Kijilima kidogo cha wali pembeni, na juu yake, au karibu yake, kipande kimoja cha nyama ambacho hakikuguswa.

Nilivikusanya vile vijilima, nikavipima. Nikaona jibu waziwazi: ninawapa chakula kingi kuliko matumbo yao.

Basi nikapunguza. Kutoka gramu mia tatu hadi mia mbili na hamsini, na nyama kutoka vipande vinne hadi vitatu. Sahani zikarudi na kijilima cha wali na kipande kimoja cha nyama. Nikapunguza tena hadi mia mbili, nyama vipande viwili. Sahani zikarudi na kijilima cha wali na kipande kimoja cha nyama.

Nilipowapa vinne walikula vitatu. Nilipowapa vitatu walikula viwili. Nilipowapa viwili walikula kimoja. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Mimi nilijipongeza. Nilimwambia shangazi kwamba nimegundua jambo ambalo halijaandikwa popote, kwamba watu wa milimani ni walaji wadogo, pengine kwa sababu ya baridi.

"Wadogo?" akasema shangazi. "Hawa wanaopanda mlima na tenga la karoti kichwani?"

"Sahani hazisemi uongo."

"Ndivyo wanavyokula, mwanangu. Waache."

"Ndivyo ninavyosema na mimi. Wanakula kidogo."

Akarudi kwenye maharage yake.

Wa kwanza kuondoka walikuwa vijana wa malori. Mmoja wao, pande la mtu lenye shingo nene kama gogo, aliipokea sahani yake, akaizungusha, akainama kuitazama kwa upande, halafu akaniita.

"Dada, samahani. Hii ni ya kuonja au ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Hiyo ni lishe kamili."

"Sawa. Basi tuletee lishe kamili nne."

"Mnakula wangapi?"

"Mimi peke yangu."

Wenzake wakacheka hadi wakapiga meza. "Mgosi, usimchokoze dada," mwingine akasema; mgosi kwetu ni bwana. "Hiyo siyo ya kula, hiyo ni ya kupiga picha." Siku iliyofuata nikawaona kwa mama mmoja wa karibu na stendi, ambaye ugali wake ukiwekwa mezani humwoni aliyekaa upande wa pili. Sikujali. Nilijiambia kwamba mgahawa wangu ni wa watu wa kiwango fulani.

Lakini watu wa kiwango fulani nao wakaanza kupungua. Hawakugombana nami. Walikuwa wanapita nje, wananisalimia kwa furaha, wananiuliza habari za nyumbani, wanakwenda zao. Ilipofika miezi ya ukungu, kuna siku meza saba kati ya nane zilikaa na vitambaa vyake vimenyooka tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye jengo akapita akanieleza kwa upole kwamba kuna kijana anaitaka kona ile aweke duka la simu, na kwamba angependa kujua mapema kama nitaendelea. Bosi wangu wa zamani wa Unguja naye alinitumia ujumbe, akisema nafasi yangu bado ipo. Ujumbe ule niliusoma mara nyingi. Nilikuwa nimewaambia watu wa Mgwashi, mmoja mmoja na kwa sauti, kwamba sitaajiriwa tena na mtu maisha yangu yote.

Matumaini yangu yakabaki kwa mzee mmoja.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga kutoka upande wa Gare, mzee mrefu mwenye koti la sufu lenye mifuko mikubwa na kofia ya kiua iliyonyooshwa vizuri. Alikuwa haachi kuja siku ya soko, anakaa meza ya dirishani, anakula polepole kwa mkono, anasaza kijilima chake na kipande chake kimoja cha nyama. Akimaliza lazima aseme, "Chakula kizuri, mwanangu. Nimeshiba." Nilimpenda kwa maneno hayo. Siku moja, akinawa, aliniambia kwamba wanakikundi wamekubaliana kila Alhamisi, wakishapakia mboga kwenye malori, wale pamoja mahali pamoja badala ya kutawanyika. Wanatafuta mahali penye adabu.

"Alhamisi ijayo tutakuja watano kwanza," akasema. "Tukiridhika, tutakuja wote."

Sikuwa na haja ya kuelezwa maana yake. Wakija, kona ni yangu. Wasipokuja, kona ni ya simu na mimi ni wa Unguja.

Alhamisi ile nilivaa koti jipya. Vitambaa nilivipiga pasi mara mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, mlima hauonekani, na wazee waliingia wakisugua mikono yao kwa baridi, mmoja baada ya mwingine, watano, kila mmoja na kofia yake. Nikawapa shikamoo kila mmoja kivyake, wakaitikia kila mmoja kivyake, ikachukua muda.

Jikoni shangazi alikuwa ameshika upawa kifuani.

"Leo niachie mimi nipakue," akasema. "Leo tu."

"Leo ndiyo siku ya kupima kuliko siku zote, shangazi."

"Umewaona wale? Wameamka na nyota."

"Gramu mia mbili."

Akapima. Nyama vipande viwili viwili, maharage, kabichi iliyokaangwa na karoti, parachichi lililokatwa kama mwezi mchanga. Nadhani hakuna sahani nzuri kama zile iliyowahi kuingia Lushoto. Wazee walikula kwa utulivu, wakizungumza juu ya mnyauko wa viazi na juu ya mtu mmoja aliyepanda pilipili hoho kwenye mteremko akaambiwa ataziokota bondeni. Walipomaliza, sahani zote tano zilirudi zikiwa na kijilima cha wali na kipande kimoja cha nyama.

"Tumeshiba," akasema mwenyekiti.

"Tumeshiba sana," wakasema wengine.

"Tutakujulisha, mwanangu."

Nilifunga mlango wa jikoni nikacheza. Nasema kweli, nilicheza, na koti langu. Watano kati ya watano wameshiba kwa gramu mia mbili, na bado wamesaza! Nilikuwa nimeanza kufikiri niwanunulie wanakikundi wote bilauri za aina moja, shangazi aliponiita kutoka dirisha dogo la nyuma, lile linalotazama uwanja wa malori.

"Njoo uwaone walioshiba."

Nyuma ya lori lililokuwa limeegeshwa, mahali ambapo mtu wa barabarani asingeweza kuona, mama mmoja alikuwa na jiko la mkaa anachoma mahindi. Mbele yake walikuwa wamesimama wazee watano wenye kofia, wameipa barabara mgongo. Mwenyekiti alikuwa na hindi mkononi analitafuna kwa bidii, na hindi la pili linachungulia kwenye mfuko wa koti. Mmoja alikuwa ameshamaliza, ananyoosha mkono kutaka jingine.

Sijui niliufunguaje mlango wa nyuma. Najua nilivuka uwanja ule na koti langu jeupe kwenye ukungu, na wakulima waliokuwa wakifunga maturubai wakadhani ni daktari.

"Shikamooni, wazee wangu."

Mahindi matano yakaenda nyuma ya migongo mitano.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwenyekiti. Punje moja ilikuwa imenasa kwenye ndevu zake. Mama wa mahindi akainama akaanza kupepea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mmeshiba kweli?"

"Tumeshiba. Hii ni ya kuchangamsha meno."

"Kuchangamsha meno na mahindi mawili?"

"Meno ya upande huu na ya upande huu," akasema mzee mmoja mfupi, na wenzake wakashindwa kujizuia, wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu kulia, na nadhani mwenyekiti aliona, kwa sababu alilitoa hindi lake nyuma ya mgongo akalishika wazi kama mtu aliyekiri kosa.

"Babu," nikasema, "mmeacha wali. Mmeacha nyama vipande vitano. Kama mlikuwa na njaa, kwa nini mkaacha?"

"Hatukuacha. Tumesaza."

"Kwa nini?"

Walitazamana kana kwamba nimewauliza kwa nini wanavaa suruali.

"Unataka nimalize?" akasema mwenyekiti. "Mimi, mzee mzima, niirudishe sahani nyeupe mbele za watu? Na wajukuu wale nini?"

"Wajukuu wako hawapo hapa. Wapo Gare."

"Najua waliko."

"Sasa?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nikaona kwamba hakuwahi kuulizwa swali hilo na hakuwahi kujiuliza.

"Mkono wenyewe haukubali," akasema.

"Mimi nilijaribu siku moja," akasema yule mfupi. "Pale stendi. Nikasema hapa hanijui mtu, nikala chote, na nyama yote. Nilipofika nyumbani nikashindwa kumtazama mke wangu. Akaniuliza, umefanya nini leo? Nikamwambia sijafanya kitu."

"Akajua," akasema mwenyekiti.

"Akajua!"

Hapo nilisimama kwenye ukungu na kitu kilinijia ambacho hakikuwa cha chuoni. Nilimwona babu yangu Mgwashi, mzaa baba, amekaa kwenye kigoda, sahani yake miguuni. Sisi tulikuwa tunakaa kwenye kizingiti, wajukuu, tumekodoa macho kwenye mkono wake wa kulia. Hatukuwa tunaomba, kuomba ni utovu wa adabu. Tulikuwa tunatazama tu. Babu alikuwa anakula, anakula, na alipofika mahali fulani anakisogeza kipande kimoja cha nyama kwa kidole gumba hadi ukingoni, anakohoa. Kile kikohozi kilikuwa hakina mafua. Mkubwa wetu alikuwa anainuka anaichukua sahani, na kile kipande kilikuwa kinagawanywa kwa meno, kila mtu kipande kama ukucha. Sikumbuki nyama nyingine ya utoto wangu zaidi ya ile. Mwili huu ulioenda chuo, ukasimama mbele ya wapishi ishirini na kuwaamrisha, ulijengwa na vipande ambavyo wazee walivisogeza ukingoni. Na mimi, mtu huyo huyo, nilikuwa nimeviokota nikaviweka kwenye mizani, nikasema ni ushahidi wa shibe. Halafu nikawapa kuku wa jirani.

"Wazee wangu," nikasema, "nipeni Alhamisi moja zaidi."

Mwenyekiti alipangusa ndevu. Punje ikaanguka.

"Tusikufiche, mwanangu. Tulikuwa tumeshapataja pengine, kwa yule mama wa stendi. Ugali wake mkubwa, unasaza na bado unashiba. Ila pale wanapigiana kelele, na mwenyewe anavuta sigara juu ya sufuria." Akawatazama wenzake, wakainamisha vichwa kidogo. "Alhamisi moja. Tutakuja hawa hawa watano."

Nilirudi jikoni nikamkuta shangazi amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananisubiri.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Nani asiyejua?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniambia nipime, nikapima."

Wiki ile tulibishana kila siku. Shangazi alitaka turudishe sahani za kujaza, watu wasaze wanavyopenda, kilichobaki ni kilichobaki. Mimi sikukubali. Sasa kwa kuwa nilijua vile vipande ni vya nani, nisingeweza kuviona vikienda kwa kuku wa jirani. Nyama ya mjukuu wa Gare inaliwa na jogoo wa Lushoto, hilo nalo ni jambo gani? Nikapendekeza tuwafungie makombo yao waende nayo. Shangazi akapiga kofi paja lake.

"Umfungie mzee makombo mbele ya watu? Atembee na makombo yake mkononi kama mtu aliyetoka msibani? Hatakanyaga hapa tena."

Hilo lilikuwa kweli. Mzee anasaza, hachukui alichosaza. Akichukua, si kusaza tena, ni kubeba.

Wazo lilikuja Jumatano mchana tukiwa tunamenya viazi. Shangazi mpaka leo anasema lilikuwa lake. Tumekubaliana kwamba ni langu, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika. Wazo lenyewe ni hili: kama hawawezi kula bila kusaza, basi wasaze kwanza, halafu ndipo wale.

Alhamisi wakaja. Watano, kofia tano, shikamoo tano. Mizani nilikuwa nimeifungia kabatini, na upawa ulikuwa mkononi mwa shangazi, ambaye alichungulia mlangoni na kupakua kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni. Sahani zilitoka zimebeba wali hadi ukaanza kuteleza pembeni. Lakini kabla hawajagusa sahani, nilipeleka kitu kingine. Mbele ya kila mzee niliweka kifurushi cha jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto likalainika, kimefungwa kwa uzi wa mgomba huo huo, bado kina joto.

"Nini hiki?" akauliza mwenyekiti.

"Hicho ni cha nyumbani, babu. Wali na nyama. Mmeshasaza. Sasa kuleni."

Wakavitazama vile vifurushi. Nimewahi kupeleka sahani kwa mabalozi na mawaziri na sikusubiri waseme neno. Siku ile nilibaki pale pale mezani nikisubiri.

Mwenyekiti alikichukua kifurushi, akakipima kwa kiganja, akakinusa.

"Kuna nyama ngapi?"

"Vipande viwili vikubwa."

"Wajukuu wanne."

"Watagawana," akasema yule mfupi. "Kwani sisi hatukugawana?"

Mwenyekiti alikitia kifurushi kwenye mfuko wa koti, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Wenzake nao wakatia vyao mifukoni. Kisha akasema bismillahi, akakunja mkono wa koti, akaanza.

Nilirudi mlangoni mwa jikoni nikasimama na shangazi, bega kwa bega, tukajifanya tunakausha vikombe. Walikula. Walikula jinsi ambavyo sikuwa nimewaona wakila, bila mazungumzo ya viazi wala pilipili hoho. Wali ukashuka, ukashuka, maharage yakaisha, kabichi ikaisha. Mwenyekiti akafika kwenye kipande cha mwisho cha nyama.

Akakisogeza ukingoni kwa kidole gumba.

"Basi," nikanong'ona. "Tumekwisha."

"Ngoja," akasema shangazi.

Mwenyekiti alikitazama kile kipande. Wenzake wanne wakakitazama pia, mikono imesimama hewani. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akauweka mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti na kukigusa kifurushi, kukihakikisha kwamba kipo. Akakigusa tena. Kisha akakichukua kipande akakitia mdomoni na kukitafuna huku amefumba macho, uso wake wote umekunjamana kama mtoto aliyevunja kitu na bado hajakamatwa.

Wenzake hawakusubiri. Kwa muda mfupi sana sahani tano zilikuwa nyeupe, na wazee watano wa heshima walikuwa wanacheka kimyakimya, mabega yanatikisika, hawathubutu kutazamana. Yule mfupi alikuwa ameanza kulamba vidole, akapigwa kiwiko.

Mwenyekiti akasafisha koo. Hakuniita mwanangu.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, "huku wali umekwisha."

Huku kwetu mtu wa umri wake haombi kuongezewa, anakujulisha tu. Shangazi alikuwa ameshanipita na sufuria. Alimwongezea kila mmoja kwa macho, hakumuuliza mtu, na hakuna aliyefunika sahani yake kwa kiganja.

Waliponawa, mwenyekiti alisimama mlangoni kwa muda, mkono mfukoni, akiutazama ukungu kana kwamba unamhusu. Sehemu ya chini ya mfuko ilikuwa imeanza kulowa mchuzi.

"Alhamisi tutakuja wote," akasema. "Ishirini na saba. Majani ya mgomba unayo ya kutosha?"

Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo hata moja, yale matano tulikuwa tumeyaomba kwa jirani. Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshavaa viatu vya mpira na kuchukua panga, anatokea mlango wa nyuma.